Mliolala kwenye nyumba za mbao kule Aktiki mkisubiri miale ya kaskazini (zile rangi zinazopepea angani usiku), tupeane uzoefu

Mbega wa Lushoto
Wakuu, salaam. Alfajiri umeme ulikatika hapa kwangu. Nikiwa napapasa mshumaa nikaikumbuka Desemba moja niliyolipa hela zangu mwenyewe kwenda kukaa gizani.

Nilikuwa nasoma Trondheim, Norwe. Tukachanga watu wanne, tukakodi kijumba cha mbao nje kidogo ya Tromsø. Tangazo likajisifu kuwa nyumba haichafui mazingira: umeme wa sola, maji ya ziwani, choo cha mboji. Tukasema sola shida gani, mbona kwetu inaendesha hadi friji? Tumeshafika, mizigo chini, ndipo mmoja wetu akauliza: sasa jua lenyewe liko wapi? Tromsø jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari! Paneli zimejilalia paani, zimefunikwa theluji kama maiti. Betri ilituwashia taa moja hadi saa mbili usiku, ikaaga.

Maji unatoboa barafu kwa mtaimbo, unateka kwa ndoo. Mimi nimekua nikiteka maji kijitoni bure. Kule nimelipa kroner 1,800 kwa usiku ili niteke maji. Mama nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini.

Miale tuliiona usiku wa tatu, dakika kumi hivi. Haya, tiririkeni.

Chausiku
Choo je? Umekiruka makusudi.

Mbega wa Lushoto
Kiko nje, hatua arobaini, theluji hadi magotini. Ila Wanorwe wamefikiri: kiti cha choo wamekichonga kwa lile sponji jeupe gumu linalofungiwa televisheni mpya. Ukikaa tu kinapata joto. Hicho ndicho kitu pekee nilichotamani kurudi nacho.

Kijana wa Kayole
Angalau nyinyi mlipata giza. Mimi nilipata nyumba huko huko kwa bei ya kutupa, nikajipongeza sana. Ilikuwa Julai mwanzoni. Usiku wa kwanza nimekaa nje nangoja giza liingie nione taa za kaskazini. Saa sita usiku jua liko pale linaniangalia. Saa nane liko pale pale. Asubuhi nikamuuliza mwenye nyumba, akanijibu kwa upole kabisa kwamba giza linarudi mwisho wa Agosti.

Chausiku
😂😂😂 Nimepaliwa na chai.

Mzee Kalamu
Kijana, si "taa". Taa ina utambi au balbu na mtu wa kuiwasha. Ni miale.

Kijana wa Kayole
Mzee wangu, mimi sikuona taa wala miale. Ita unavyotaka.

Mtumishi wa Afya, Oulu
Huwa nasoma tu humu, siandiki. Lakini hilo neno "kijumba cha mbao" limenirudisha mbali.

Mwaka wa pili wangu Ufini, mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka sita na wifi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Moshi, tulikodi nyumba ya mbao kando ya ziwa Inari. Ilikuwa Februari, nje nyuzi kasoro 27. Hakuna umeme, jiko kubwa la mawe la kuni, mishumaa. Pazuri sana, sitadanganya. Kwenye bomba la moshi la majiko yale kuna kibati cha kuvuta. Kuni zikishakwisha unakifunga ili joto lisipotelee nje. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kifini, na mimi nikajifanya najua.

Saa nne usiku moto umepungua, yamebaki makaa mekundu. Wifi analalamika baridi. Nikakifunga. Tukalala.

Mtoto ndiye aliyetuokoa. Aliamka akatapika. Nikainuka kumshika, kichwa kinagonga kama kinu, miguu si yangu. Nikadhani ni yale masamaki tuliyokula. Namwita mume wangu, ananijibu maneno yasiyoeleweka kama mlevi, na yeye hanywi. Hapo ndipo akili ya kazi ilipokuja: watu wote kichwa, wote mara moja, ndani ya chumba kimoja chenye makaa. Ile gesi ya makaa haina harufu wala rangi, na inaing'ang'ania damu kuliko oksijeni mara 200 na zaidi. Nikasukuma mlango kwa mgongo, nikamtupa mtoto kwenye theluji na blanketi lake, nikarudi. Mume wangu nilimburuta kwa miguu. Wifi alitoka akitambaa, analia kwa Kichaga.

Nikapiga 112. Tumekaa juu ya theluji na nguo za kulalia na mablanketi, natetemeka, namhesabu mtoto pumzi. Sasa sikilizeni. Wifi ananigusa bega, anaonyesha juu. Mbingu yote imekuwa kijani, inapepea kama khanga kwenye kamba, pembeni ina upindo wa zambarau. Tulikuwa tumekaa siku nne tukingoja kitu hicho. Nikamwambia, "Toa hicho kidole mbele yangu." Sikutazama tena.

Tulipewa oksijeni, tukapona wote. Kile kikengele cha moshi kilichokuwa darini hakikulia hata mara moja, maana kinanusa moshi, hakinusi gesi hiyo. Cha gesi ni kingine, nakinunua mwenyewe, nabeba kwenye begi mpaka leo.

Binti Pangani
Ya Rabi. Pole sana dada.

Mnyalukolo
Pole dada yangu. Hii si ya Ufini tu. Huku kwetu nyanda za juu watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani Juni na Julai, asubuhi mlango unavunjwa. Nimezika jirani.

Chausiku
Wifi alikusamehe ile ya kidole?

Mtumishi wa Afya, Oulu
Wifi ndiye anayewasimulia watu kwamba aliiona miale na mimi nilimkataza.

Mchumi Mkavu
Pole dada, lakini ngoja niseme ukweli. Mtu anapanda ndege kutoka Dar hadi Aktiki, halafu anajisifu kajisaidia kwenye mboji. Mazingira gani hayo?

Mbega wa Lushoto
Mimi nilitoka Trondheim. Kwa basi na treni, kisha basi tena. Soma kwanza.

Mchumi Mkavu
Sikukutaja wewe.

Mbega wa Lushoto
Uzi ni wangu, umemtaja nani?

Mzee Kalamu
Vijana, mtu katoka kusimulia kifo hapa.

Binti Pangani
Mimi nilipanda treni ya usiku Stockholm hadi Abisko, Uswidi. Mkiweza nendeni huko, milima inayazuia mawingu na mara nyingi juu ya ziwa kunabaki peupe hata Tromsø ikiwa imefunga. Aliyetupokea alikuwa Msami, wale wenyeji wa asili wa kaskazini huko. Nikiwa na furaha nikaanza kupiga mluzi, akanishika mkono: kwao wazee hukataza kuipigia mluzi miale, inaweza kushuka kukuchukua. Nikacheka. Bibi yangu alinichapa kwa mluzi wa usiku, eti naita nyoka. Nimesafiri mpaka mwisho wa dunia kukutana na bibi yule yule.

Msukuma wa Minnesota
Nyie mnalipia. Mimi tarehe 10 Mei 2024 nilitoka kutupa takataka, juu nikakuta pinki na kijani. Ile dhoruba ya jua iliifanya miale ishuke kusini kuliko kawaida, hadi huku Marekani. Nilikuwa na kandambili.

Kijana wa Kayole
Kuna watu Mungu anawapendelea wazi.

Chausiku
Sasa niende lini? Nina likizo moja tu.

Binti Pangani
Septemba. Giza limesharudi, ziwa halijaganda, hufi kwa baridi.

Msukuma wa Minnesota
Machi. Septemba mawingu matupu.

Mnyalukolo
Usiende. Nunua kalenda yenye picha.

Mbega wa Lushoto
Ukienda, simu iweke kwapani, baridi inamaliza betri hata ikiwa asilimia 60. Na usitegemee rangi za kwenye picha. Ikiwa dhaifu utaona kama wingu la kijivu linalosogea, kamera ndiyo inayotoa kijani. Sisi usiku wa kwanza tuliidhania moshi wa jirani, tukaingia ndani kulala.

Mtumishi wa Afya, Oulu
Na kibati, usikifunge hadi makaa yawe meusi kabisa. Usimsikilize wifi.

Chausiku
Nimeandika. Na kile kiti cha sponji, wanauza wapi?