Binti ana mtihani siku 9 zijazo na kitabu hashiki, nifanyeje?

Njiapanda77
Wakuu salaam. Nina binti wa miaka 13, anamaliza shule ya msingi, mtihani bado siku 9. Alikuwa vizuri tu, wa tatu wa nne darasani, sasa ghafla wiki tatu hizi anafungua kitabu anatazama ukurasa huo huo nusu saa, asubuhi tumbo linamuuma, Jumamosi haliumi. Hospitali wamepima kila kitu hana ugonjwa. Nimemuwekea mwalimu wa jioni, wapi. Nimtie moyo vipi? Au kuna vitamini za kumbukumbu mnazijua? Niko siriasi, matusi njooni nayo inboksi.

Mtoa Posa
Mnyang'anye simu. Uzi ufungwe.

mama_mapacha
Pole mwenzangu. Wangu mmoja alikuwa anatapika kila asubuhi ya mtihani na pacha wake anakoroma, tumbo moja wametoka, kumbe mimi ndo namvuruga, kila akipita mbele yangu "umesoma?", nikaacha nikawa namuuliza umecheza? Kutapika kukaisha. Ingawa anayekoroma ndo aliongoza lol

Chaki Nyeupe
Nafundisha mwaka wa 16 huu. Vitamini achana nazo. Mwalimu wa jioni mpumzishe, umri huo mtoto anatakiwa alale masaa 8 hadi 10, alichosoma mchana kinajipanga kichwani akiwa usingizini, ukimkesheza unajaza maji kwenye gunia. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago ulitoka 2011, wanafunzi waliopewa dakika 10 kabla ya mtihani waandike hofu zao walifanya vizuri zaidi, hasa wale waoga wa mitihani. Ni karatasi na kalamu tu, jaribu. Ila tumbo linalojua Jumamosi sio la hospitali. Wiki tatu zilizopita kulitokea nini hapo nyumbani?

Njiapanda77
Hakuna kikubwa mwalimu, mambo ya kawaida ya familia.

Chaki Nyeupe
Yapi?

Njiapanda77
Bibi yake amefariki. Mama yangu mimi, ndiye aliyemlea tangu ana miezi minne. Tumeshazika. Mtoto hajui, nilimuaga naenda safari ya kikazi. Nimemwambia bibi yuko kwa shangazi na simu yake imeharibika. Mtihani ukiisha namwambia siku hiyo hiyo. Msinihukumu, tulikaa ndugu wote tukakubaliana, mtihani haurudiwi, msiba upo tu.

Kigingi
Uko sahihi mkuu, kaza hapo hapo.

Nyuma ya Pazia
Mimi walinificha mzee wangu. Nilikuwa bweni, nimetoka pepa ya mwisho nimejipanga nikamwambie lile swali la hesabu tulilosumbuana nalo likizo limetoka, namkuta baba mdogo getini na begi langu ameshalibeba. Nilifaulu. Ni miaka 19 sasa, baba mdogo tunasalimiana tu.

mama_mapacha
Na mtoto hamuulizii bibi yake?

Njiapanda77
Kila usiku anamtumia meseji. Simu ninayo mimi kwenye droo ofisini, naichaji kwa sababu watu bado wanapiga kumuulizia mama. Jana kaandika "bibi nimemaliza sura ya nne, simu ikipona nipigie". Nilisoma nikaenda kukaa chooni.

Mtoa Posa
Chai hii. Simu mbovu inachajiwa! Na kwenye uzi wa magari ulisema huna mtoto.

Kigingi
Hahaha nimecheka niko kikaoni

Njiapanda77
Nilisema sina mtoto wa KIUME, karudie kusoma. Mama yangu nimtungie kifo ili nipate nini?

Mtoa Posa
Sawa, nijibu moja tu. Hizo meseji zikiingia kwenye simu yako ya droo, kwake zinaonyesha tiki moja au mbili? Unasema unazisoma, basi ni mbili tena za bluu. Katoto ka miaka 13 haka ka siku hizi hakajui hilo? Ukitunga tunga vizuri.

Chaki Nyeupe
Njiapanda, hilo swali lisome tena taratibu.

Kigingi
Mleta uzi kakimbia

Njiapanda77
Sijakimbia. Nimeifungua simu. Meseji 22, zote nimezisoma.

Chaki Nyeupe
Basi anajua kuna kitu, na anajua kuna mtu anasoma. Mwambie leo, wewe mwenyewe, sio shangazi. Sema amefariki, usiseme amelala wala amesafiri. Akilia mwache alie, akikukasirikia kaa hapo hapo. Kesho mwalimu wake wa darasa ajue.

mama_mapacha
Na hizo meseji usifute hata moja.

Kigingi
Mimi bado nasema angesubiri, siku 9 ni nini jamani

Njiapanda77
Nimefika nyumbani. Taa ya chumbani kwake inawaka.

Mtoa Posa
Kama ni kweli pole sana mkuu. Kama ni chai, umeichemsha ikachemka. Mrejesho muhimu.