Tupeane uzoefu: Kuendesha duka la mtandaoni ukiwa Dodoma, siyo Kariakoo

Fremu_Majengo (mleta uzi)

Habari za muda huu wakuu. Wa nyumbani, mbukwenyi.

Kila nikisoma habari za kuuza mtandaoni nakuta wanaoongea ni watu wa Dar. Deliva anatoka Kariakoo, nusu saa yuko Sinza, kazi imeisha. Sisi huku mzigo wenyewe tunaufuata Dar, halafu mteja mmoja yuko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, mwingine chuo kikuu UDOM, mwingine anataka utumiwe na basi mpaka Kondoa.

Nina fremu ya vyombo vya jikoni Majengo na nataka niwe na duka la mtandaoni la kueleweka. Anayeuza au aliyewahi kuuza atupe uzoefu: ulianzia wapi, watu wanalipaje, mzigo unafikaje. Za "changamkia fursa" na madarasa ya kulipia tuziache kwanza.

Naanza na kidogo nilichonacho. Nikitupia picha status bila bei, nashinda siku nzima najibu "bei gani?" na jioni sijauza kitu. Nikiandika bei, na kwamba nipo Majengo Dodoma, maswali yanapungua lakini wanaouliza ndio wanaonunua.

MamaMitindo_AreaC

Mleta uzi umegusa penyewe. Hii tabia ya "bei njoo DM" imeua biashara nyingi kuliko ukosefu wa mtaji. Mteja wa huku akiona hakuna bei anajua unataka kwanza umwangalie anafanana vipi. Anapita.

Mimi nauza nguo za ofisini, wateja wangu wengi ni dada zetu wa wizarani. Niwape ninavyofanya.

Kila nguo naipiga picha mwenyewe. Picha za muuzaji wa China sitaki kuziona, maana rangi itakayofika siyo hiyo. Natundika gauni ukutani pembeni ya dirisha asubuhi, taa ya ndani nazima kwa sababu inafanya nyeupe kuwa ya njano. Picha ya mbele, ya nyuma, na moja ya karibu kabisa ionyeshe kitambaa na ushonaji wa zipu. Halafu naichukua futi kamba, napima kifua, kiuno, nyonga na urefu, naandika kwa sentimita. L ya kiwanda hiki siyo L ya kile, mtu akiagiza kwa herufi tu ujue itarudi. Tangu nianze kuandika vipimo, zinazorudi ni za kuhesabu, na nyingi ni za watu waliobadili mawazo tu.

Kuhusu kupeleka: Mji wa Serikali uko kama kilomita 17 kutoka mjini. Ukimtuma boda kwa kila oda moja, nauli inakula faida yote. Nimetenga siku maalumu za Mtumba. Oda zinakusanywa, zinapangwa kwa wizara, boda mmoja anaondoka nazo ili afike saa ya chakula cha mchana wakati watu wanaweza kutoka mpaka getini. Kwenye kila mfuko kuna karatasi: jina la kwanza, wizara, namba ya simu, kiasi kilichobaki kama kipo. Mteja asiyetaka kusubiri siku hiyo analipia boda wake mwenyewe, na hilo limeandikwa juu kabisa ya ukurasa wangu, hatugombani.

Kitu kingine: kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, mji unajaa wageni na oda zinapanda. Mzigo wa kipindi hicho naufuata mapema, maana Mei kila mtu yuko Kariakoo. Siku hizi afadhali, tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 naenda asubuhi, nachagua mwenyewe, narudi jioni. Mzigo mkubwa bado unapanda lori.

Kisasa_Kwetu

Dada AreaC umemaliza. Mimi naongeza tu kwamba tovuti ni kutupa hela. Instagram na WhatsApp Business vinatosha, katalogi (orodha ya bidhaa zako) unaweka bure, bei inaonekana, kikapu kipo. Fundi atakuambia unahitaji tovuti kwa sababu ndiyo anayoiuza.

Fundi_Ilazo

Mkuu Kisasa, mimi ndiye huyo fundi, ngoja nijitetee.

Anayeanza leo, nakubaliana na wewe, asijenge tovuti. Aanze na katalogi ya WhatsApp ajue kwanza bidhaa inatoka au haitoki. Lakini kuna siku akaunti itadukuliwa au itafungiwa, na wafuasi wote uliokusanya wanaondoka nayo. Hata majukwaa makubwa yanaondoka. Jumia, lile soko kubwa la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, waliokuwa wanauza humo tu ikabidi waanze kutafuta wateja upya. Jina lako la tovuti la .co.tz hakuna anayekufungia kwa sababu eti kuna mtu karipoti picha.

Gharama siyo kama watu wanavyotishana. WordPress ya kujengea tovuti ni bure na WooCommerce inayoigeuza kuwa duka ni bure. Unacholipia kila mwaka ni domeini (jina la tovuti) na hostingi (mahali tovuti inapohifadhiwa). Ukitaka usihangaike na masasisho, kuna Shopify, duka la mtandaoni lililo tayari, ila hapo utalipa kila mwezi kwa dola, uuze usiuze. Piga hesabu kabla hujavutiwa na muonekano.

Na jambo ambalo mafundi wenzangu wengi hawalijali: uzito wa picha. Mteja anaingia kwa bando la wiki, na simu yake siyo ya milioni. Ukipandisha picha kama ilivyotoka kwenye kamera, moja inaweza kuwa na MB nne au tano. Ukurasa wenye bidhaa ishirini, mtu anaangalia duara linazunguka, anafunga. Punguza kila picha ibaki chini ya KB 200, kwenye simu hutaona tofauti.

Malipo ndani ya tovuti unaunganisha kupitia kampuni za malipo kama Selcom, AzamPay au Pesapal. Watakuomba usajili wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) na leseni, kwa hiyo anza na makaratasi. Jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao, TIN inatolewa bure TRA, leseni ipo Jiji. Eti "mimi niko mtandaoni tu" haikuondolei kodi.

Kisasa_Kwetu

Sawa fundi, hapo kwenye kudukuliwa umenipata. Lakini bado nasema mwaka wa kwanza hapana.

ChimwagaGadgets

Nauza chaja, earphone na kava za simu kwa wanachuo wa UDOM. Sina duka, mzigo uko chumbani Ng'hong'hona. Yangu mawili tu.

Moja, meseji feki za muamala. Mtu anaagiza powerbank, anasema ameshatuma, na kweli meseji imeingia kwenye simu yako ikiwa na jina, kiasi, mpaka salio. Ukiitazama vizuri imetoka kwenye namba ya kawaida, siyo kwenye jina la mtandao husika, au salio halifanani na lako. Usitegemee macho hata hivyo, ingia kwenye menyu uangalie salio kabla mzigo haujatoka mkononi. Boda wako naye umfundishe: hakuna kuachia mzigo kwa kuoneshwa skrini ya mteja, mpaka mwenye duka apige simu aseme imeingia. Mwenzetu mmoja hapa alitapeliwa simu tatu kwa njia hiyo hiyo.

Pili, chukua lipa namba, ile namba ya malipo ya biashara ya mtandao wa simu. Mteja akilipa anaona jina la biashara kabla hajaweka namba ya siri, hofu yake inapungua nusu. Ukimpa namba yako binafsi yenye jina ambalo halihusiani na duka, anajiuliza huyu ni nani. Zaidi ya hapo, hela ya duka haichanganyiki na hela ya kula.

Zabibu_Hombolo

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Mimi niko upande mwingine, natoa bidhaa Dodoma napeleka Dar, Arusha na Mwanza. Nilianza na zabibu mbichi msimu wa Februari na Machi. Zabibu mbichi na basi haviendi pamoja, niwaambie ukweli. Joto la buti, makreti ya watu juu yake, ikifika Mbezi ni juisi. Sasa nauza zabibu kavu na mafuta ya alizeti ya Singida na Kibaigwa.

Mafuta nayo yana mambo yake. Kifuniko ukifunga kwa mkono tu kitalegea njiani. Tunaweka ile foili ya kugandisha kwa moto mdomoni mwa chupa, kisha kifuniko, kisha kila chupa kwenye mfuko wake wa nailoni, ndipo boksi. Chupa zisimame, na nafasi zilizobaki tunashindilia magazeti mpaka ukitikisa boksi lisitoe sauti. Mteja wa Mwanza akipokea boksi lenye doa la mafuta, hata kama chupa ni nzima, ameshaona wewe ni mchafu.

Chakula mtandaoni bila alama ya TBS (shirika la viwango) utauza kwa majirani na ndugu. Mjasiriamali mdogo anapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho kwenda TBS, msiogope. Lebo iwe na uzito, tarehe ya kutengeneza, tarehe ya kuisha na namba ya simu.

Halafu bei. Vijana wengi wanachukua bei ya kununulia wanaongeza elfu tano wanasema ni faida. Tuseme seti ya sufuria ya mleta uzi amenunua 40,000. Kuisafirisha 3,000, boksi na gundi 1,500, kuitangaza 2,000, ada za miamala 1,000. Hapo iko 47,500 na hujaweka bado ile moja itakayofika imebonyea ubadilishe kwa gharama yako. Ukiuza 45,000 umefanya biashara kwa ajili ya watu wa basi.

MamaMitindo_AreaC

Mzee Hombolo hiyo ya kubonyea nimecheka. Mleta uzi, andika masharti ya kurudisha mapema: ndani ya siku ngapi, nani analipa nauli, kubadilisha au kurudishiwa hela. Na mazungumzo ya oda usifute. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua makubaliano ya namna hiyo.

Fundi_Ilazo

Na zile picha za mazungumzo mnazotupia status kuonyesha wateja wameridhika, zibeni namba na majina. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, anuani na simu ya mteja siyo mali ya duka.

Fremu_Majengo (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu, Mzee Hombolo shikamoo. Nimebakiwa na maswali mawili. Vyombo navyouza dukani ndivyo hivyo hivyo vitakuwa mtandaoni, nafanyaje mtu asilipie kitu ambacho nimeshamuuzia wa fremuni? Na wateja wa Kondoa na Mpwapwa mnawatumiaje bila kulia?

Fundi_Ilazo

La kwanza: ukiwa na bidhaa chache tumia daftari moja tu, siyo mawili. Kitu kikitoka fremuni kinaandikwa hapo hapo na kinapunguzwa kwenye katalogi hapo hapo. Vile vilivyobaki kimoja vitoe mtandaoni kabisa. Mteja aliyelipa halafu akaambiwa "samahani kimeisha" harudi, hata ukimrudishia hela dakika hiyo.

ChimwagaGadgets

La pili: alipe yote kwanza, huko hakuna kulipia ukipokea. Peleka mzigo ofisi ya basi, usimpe kondakta barabarani. Chukua risiti, ipige picha pamoja na boksi likiwa limeandikwa jina na simu ya mpokeaji pande mbili, mtumie mteja. Ongeza namba ya basi na saa linapoondoka. Kwa mjini muulize kama anajua namba ya nyumba yake, vibao vya anwani za makazi viko mitaa mingi tangu 2022, ila boda bado atataka aambiwe "karibu na msikiti" au "mkabala na mashine ya kusaga". Andika vyote viwili.

Zabibu_Hombolo

Marahaba kijana. Vyombo vya udongo na glasi usitume na basi la usiku la Kondoa, wanaopakia wanakuwa na haraka. La asubuhi.