Tupeane uzoefu: printa ya picha ya nyumbani kwa bajeti ndogo, wewe ulinunua ipi na imekufikisha wapi?

Mbukwenyi wote. Mi niko hapa Nkuhungu, Dodoma mjini. Naleta hii mada kwa sababu imenigusa. Mwaka jana tulimpoteza Mzee wetu kule Mpwapwa, sasa siku ya msiba tunatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, watoto saba wote tuna simu kubwa, hatukupata hata moja iliyosafishwa zaidi ya ile ndogo ya kwenye kitambulisho. Simu yangu ya zamani iliibiwa stendi, ya kaka iliingia maji, ya dada picha zilifutwa ili simu ipate nafasi. Yani miaka kumi ya Mzee imepotelea kwenye simu. Toka siku hiyo nimeamua kila mwezi naprinti picha za familia, Mama namletea kopi zake Mpwapwa na mimi nabaki na albamu.

Bajeti yangu laki sita, karatasi zikiwemo. Naomba tusitumiane matangazo ya maduka. Niambieni mlinunua nini, imekaa muda gani, na inakula nini.

Mwalimu, Kisasa

Pole sana kwa Mzee, ndugu yangu. Mi nilinunua ya katriji mbili (vile vikasha vya wino), moja nyeusi na moja ya rangi tatu kwa pamoja, kwa sababu ilikuwa elfu themanini tu na nikaona nimeokota. Jina silitaji. Zile katriji zinazokuja ndani ya boksi huwa na wino kidogo, zangu hazikufika picha thelathini za inchi 4 kwa 6. Kwenda kuuliza katriji mpya, mbili kwa pamoja zinakaribia bei ya printa yenyewe! Afu ile ya rangi njano ikiisha peke yake unatupa katriji nzima hata kama bluu ipo nusu.

Kilichoniumiza zaidi ni likizo. Shule zilipofunga nikaenda Singida mwezi na nusu, kurudi naprinti picha ya mtoto uso una mistari mistari, wekundu hautoki kabisa. Nimesafisha hedi, ile sehemu inayorusha wino, mara nne, kila ukisafisha inakunywa wino, mwisho katriji ikaisha kwa kusafishwa tu. Hewa ya huku kavu, jamani, wino unaganda. Kama huprinti mara kwa mara usichukue ya hivi kisa bei ya boksi.

Kijana wa stesheneri, karibu na UDOM

Mkuu pole. Mi kazi yangu ni hii kila siku kwa hiyo ntaandika kwa urefu kidogo.

Kwa laki sita tafuta ya matanki, zile unamimina wino toka kwenye chupa. Mi nimetumia Epson L3250 kama miaka mitatu, ina rangi nne, ina waifai unaprinti moja kwa moja toka kwenye simu, na inatoa 4 kwa 6 bila ukingo mweupe. Ndugu yake L3210 ni hiyo hiyo ila haina waifai, unachomeka waya wa USB, kama una kompyuta inakuokolea hela. Chupa zake ni mililita 65 kila rangi, kwa mtu wa nyumbani unaweza kusahau lini ulinunua. Wateja watakwambia chukua L8050 ya rangi sita, ni kweli kwenye ngozi za watu inatoa vizuri zaidi maana ina bluu na wekundu uliopauka, zile sehemu za mwanga usoni hazitoki na vidoti, lakini bei yake ni ya mtu wa biashara. Wewe wa albamu ya Mama haikuhusu.

Canon za G kama G3010 nazo ni za matanki na ni nzuri, ila jua kwamba wino wake mweusi ni wa pigimenti (chembe ndogo za rangi, sio rangi iliyoyeyuka), uliwekwa kwa ajili ya maandishi. Kwenye karatasi ya kung'aa weusi unatengenezwa kwa kuchanganya zile rangi tatu, kwa hiyo usishangae suti nyeusi ikitoka ina ukahawia kidogo.

Sasa kitu ambacho watu wengi hapa kwangu hukosea wala sio printa. Ni karatasi na seti zake, yani mipangilio ya kwenye programu. Mtu ameweka karatasi ya picha nzuri kabisa, gramu 230, afu kwenye programu ameacha imeandikwa karatasi ya kawaida, printa inamwaga wino kama inaandika barua na picha inatoka imefubaa, anasema printa mbovu. Chagua aina ya karatasi ya kung'aa na ubora wa juu, uone tofauti. Halafu angalia upande, ule unaong'aa ndo unaopokea wino. Nilishaletewa printa "mbovu" na mama mmoja toka Makulu, tatizo lilikuwa karatasi imegeuzwa.

Dada, Area C

Mi nina Canon Selphy, ile ndogo ya CP1300. Haina wino wa maji kabisa, ina utepe, karatasi inaingia na kutoka mara nne: njano, wekundu, bluu, halafu mara ya mwisho inapakwa kitu kama utando wa kulinda. Picha inatoka kavu. Mdogo wangu alimwagia chai picha ya harusi tukafuta na kitambaa, ipo mpaka leo ukutani.

Nilichopendea ni kwamba hakuna kuganda. Nimeiacha kabatini miezi minne, nikaitoa ikaprinti kama jana. Na hesabu yake haina kujificha, pakiti moja inakuja na karatasi 108 na utepe wa kutosha hizo hizo 108, mi mara ya mwisho nilitoa laki na thelathini, kwa hiyo kama elfu moja na mia mbili kila picha.

Ubaya wake: saizi kubwa kabisa ni ya posikadi, A4 sahau. Pakiti hapa mjini mara nyingi sizipati, naagiza Dar zinakuja na basi. Na vumbi! Miezi ya upepo, Agosti mpaka Oktoba, nikiiacha wazi mezani picha zinatoka na vidoti vyeupe, maana vumbi likikaa kwenye karatasi pale rangi haishiki. Naifunga kwenye mfuko na kanga juu yake.

Mdau, Manyoni

Msijaribu kuweka karatasi ya picha ya printa ya wino kwenye leza. Mi nilijaribu ya ofisini, nikajua karatasi ni karatasi. Leza inachoma kwa joto, ule utando wa karatasi ukayeyuka ukajibandika ndani, fundi akasema fyuza, ile sehemu ya joto, imekufa na nikalipa mimi kwa mshahara wangu. Nilihuzunika sana.

Mfanyabiashara wa mahindi, Kibaigwa

Mi ntawapinga kidogo. Pole kwa msiba ndugu, lakini kama ni picha ishirini kwa mwezi kwa nini ununue mashine? Mi kila nikienda Dodoma kupeleka mzigo napitia studio nasafisha picha zangu zote, nasubiri nusu saa naondoka. Hakuna wino, hakuna fundi, na picha zao nina za miaka kumi hazijapauka. Hiyo laki sita mnunulie Mama bati.

Mwenye mada

Kaka nimekuelewa na nilijaribu hivyo. Ilikuwa kila mwezi nasema nitapita studio, mwezi unaisha sijapita. Na picha nyingine za Mama na Mzee napenda nizikuze mwenyewe taratibu nyumbani.

Swali kwa kijana wa stesheneri, binamu yangu alinitumia WhatsApp picha ya Mzee akiwa shambani kwenye zabibu, nzuri mno anacheka. Hiyo itatoka A4?

Kijana wa stesheneri

Kama ilikuja kwa kawaida WhatsApp huwa imeshaibana. Angalia vipimo vyake. Kwa 4 kwa 6 safi kabisa unahitaji kama pikseli 1200 kwa 1800, kwa A4 ni kama 2480 kwa 3508.

Mwenye mada

Ina 1200 kwa 1600.

Kijana wa stesheneri

Hiyo 4 kwa 6 itatoka vizuri tu. A4 itakuwa laini, macho hayatakaa sawa. Mwambie binamu asikutumie kama picha, atume kama dokumenti, au bora akuletee memori kadi yenyewe.

Fundi, Chang'ombe

Nimesoma yote, hamjagusa umeme. Printa nyingi za matanki ninazotengeneza zimekufa hedi, na sio kwa uchakavu. Printa ikizimwa kwa kitufe chake ile hedi inarudi pembeni inajifunika kwenye mpira wake. LUKU ikiisha katikati ya kuprinti, au mtu akizoea kuchomoa waya ukutani, hedi inabaki katikati wazi, na kwa ukavu wa Dodoma siku chache zinatosha nozeli, vile vitundu vya wino, kuziba. Kwa hiyo umeme ukirudi iwashe hata kama huna cha kuprinti, iache ijipange, afu zima kwa kitufe. Na kila wiki toa picha moja ndogo yenye rangi zote. Wino unaotumika hapo ni kidogo sana ukilinganisha na hedi mpya.

Pia usiisafirishe imelala. Mmoja aliipakia kwenye basi la Kondoa imelazwa ubavu, wino ukamwagika wote ndani.

Mwenye mada

Narudisha majibu. Nilichukua L3210 kwa sababu kompyuta ninayo, ikabaki hela ya pakiti tatu za karatasi. Meza nimeitoa dirishani, kanga ya mke wangu ipo juu yake. Mwezi wa kwanza nimetoa picha 34, mbili tu ndo nimeharibu kabla sijabadili seti za karatasi.

Ile ya Mzee nimeitoa 4 kwa 6 nikampelekea Mama pamoja na nyingine. Jana kapiga simu, anauliza kama inaweza kuwa kubwa ya ukutani. Memori kadi ya binamu iko Kongwa, anakuja nayo Jumamosi.