Naombeni ushauri: mwanafunzi kaniuliza seli ya kwanza ilitoka wapi, nimekwama

Mwl wa Kata

Wakuu, salaam. Nafundisha Baiolojia Kidato cha Kwanza kwenye shule ya kata. Hadubini tunayo moja na lenzi yake imepasuka. Wiki hii nimefika kwenye seli, nikaandika ubaoni kama kawaida: Hooke 1665, Schleiden 1838, Schwann 1839, Virchow 1855, kila seli hutokana na seli nyingine. Wakanakili.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili maana Kiingereza kingemgomea: "Sasa mwalimu, ile ya kwanza ilitokana na nini?" Sijafungua mdomo, mwenzake kadakia: "Nyumbani tulifunga gunia la mahindi vizuri kabisa, baada ya miezi miwili fukusi wamejaa. Hao nao mama yao nani?"

Darasa zima kicheko. Nikasema tutaendelea kipindi kijacho. Ofisini mwenzangu ananiambia niwajibu kwamba haipo kwenye mtihani. Naona aibu. Nianzie wapi, na nifanyeje bila hadubini?

Bwana Shamba mstaafu

Anza na fukusi, mwalimu, hilo ndilo rahisi. Jike hutoboa punje, hutaga yai humo, kisha huziba kitundu kwa ute wake. Ukiitazama punje hivi hivi unaona nzima. Na mara nyingi mahindi hutoka nayo shambani kabisa. Kijana aliona gunia limefungwa, hakuona kilichoingia kabla ya kufungwa. Mpe punje kumi zinazoshukiwa na wembe, azipasue mwenyewe. Akikuta buu, kazi imekwisha.

Kobe wa Maktaba

Hapo kwa Bwana Shamba niongeze, maana kijana huyo ana wenzake wakubwa. Kwa karne nyingi wasomi waliamini viumbe vinajizalisha vyenyewe kutoka kwenye matope na uozo. Van Helmont, mtu mwenye akili kabisa, ameacha maelekezo ya kutengeneza panya: shati chafu na ngano kwenye chombo, subiri siku 21. Kitabu chake kilitoka 1648.

Miaka 20 baadaye, 1668, Francesco Redi kule Italia akaweka nyama kwenye vyombo, vingine wazi, vingine vimefunikwa. Funza wakatokea kwenye vilivyo wazi tu. Wabishi wangeweza kusema umenyima nyama hewa, kwa hiyo akafunika vingine kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Nzi wakatua juu ya kitambaa, nyama chini haikuota funza. Mama zetu wanafunika chakula kwa kawa, wanafunzi wataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Sasa utamu wenyewe: Redi huyo huyo aliendelea kuamini kwamba wadudu wanaokutwa ndani ya vivimbe vya majani na matawi huzalishwa na mti wenyewe. Yaani alikwama pale pale alipokwama kijana wako, mdudu ndani ya mmea uliofungwa pande zote. Waliomfuata, akiwemo Antonio Vallisneri, ndio waliosahihisha. Mwambie kijana hilo, atatembea kifua mbele mwezi mzima.

Fundi Simu

Mimi si mwalimu, ila hadubini isikusumbue. Tafuta mashine ya CD iliyokufa, ndani yake kuna lenzi ndogo kama punje ya mtama. Ibandike kwenye kamera ya simu. Menya ule utando mwembamba wa ndani ya kitunguu, utandaze kwenye kioo, mwanga utokee chini. Vyumba vya seli za kitunguu ni virefu, utaviona vimepangana kama matofali.

Halafu hilo jina. Hooke alikata kipande chembamba cha kizibo, kile cha gome la mti, akaona vyumba vitupu akaviita vyumba, kwa Kiingereza "cells". Sisi huku polisi wakikulaza ndani tunasema umelala selo. Neno ni lile lile! Waambie hivyo, hawatasahau.

Kobe wa Maktaba

Fundi umenichekesha, lakini ni kweli. Na alichoona ni kuta za seli zilizokufa. Hooke alihesabu vyumba 1,080 kwenye urefu wa inchi moja, akapiga hesabu akapata 1,259,712,000 kwenye inchi moja ya ujazo. Wape wanafunzi wazidishe 1,080 × 1,080 × 1,080 wenyewe, mwalimu wa Hisabati atakushukuru.

Viumbe hai vidogo ni kazi ya Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi. Mwaka 1676 aliloweka pilipili manga akitaka kujua kwa nini inawasha, akakuta maji yamejaa vijidudu vinavyoogelea. Jibu la pilipili hakulipata.

Mja wa Mola

Mwalimu, angalia usiwachanganye watoto wa watu. Mungu ndiye aliyeumba, swali limekwisha.

Mtu wa Maabara

Ndugu yangu Mja, kwa heshima zote, mjadala huu haukuwa wa dini dhidi ya sayansi kama unavyodhani. Katika miaka ya 1740 Needham alichemsha mchuzi wa nyama, akauziba, vijidudu vikatokea, akasema uhai umejizalisha. Spallanzani akachemsha kwa muda mrefu zaidi na kuziba sawasawa, hapakutokea kitu. Wote wawili walikuwa mapadri.

Needham akajibu kwamba kuchemsha sana kumeharibu hewa na nguvu ya uhai. Ubishi ukadumu hadi Pasteur, kwenye 1859 na kuendelea, alipotumia chupa yenye shingo ndefu iliyopindwa kama ya bata maji. Hewa inaingia, vumbi linanasa kwenye kona. Mchuzi haukuchacha. Ukiinamisha chupa mchuzi ukagusa lile vumbi, unachacha.

Ila usimfanye Pasteur mtume. Mpinzani wake Pouchet alitumia maji ya nyasi kavu, na humo kuna mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemka. Ferdinand Cohn alizieleza mwaka 1876. Ndiyo maana sisi maabara hatuamini sufuria, tunatumia mvuke wa presha wa nyuzi 121.

Mwalimu, jambo la kuwatenganishia ni hili. Pasteur alionyesha kwamba mchuzi uliochemshwa na kukingwa hauzai kiumbe. Dunia changa isiyo na kiumbe hata kimoja ni swali jingine. Darwin alimwandikia rafiki yake Hooker mwaka 1871 akiwaza kwamba huenda uhai ulianzia kwenye kidimbwi kidogo cha maji ya uvuguvugu. Wanasayansi Oparin mwaka 1924 na Haldane 1929 wakalipa wazo hilo kemia. Mwaka 1953 Stanley Miller, Chicago, akachapisha matokeo ya kupiga cheche za umeme kwenye methani, amonia, hidrojeni na mvuke wa maji: alipata amino asidi, yaani vijenzi vya protini. Lakini unga si ugali, na hapo hata unga haukutimia. Seli ya kwanza hajaitengeneza mtu. Mwambie binti hivyo hivyo, usimfiche.

Kobe wa Maktaba

Na rekebisha ubao wako, mwalimu. Umewaweka Schleiden na Schwann mstari mmoja na Virchow kana kwamba walikubaliana. Wale wawili walidhani seli mpya huganda kutoka kwenye majimaji, kama chumvi. Aliyepigania kwamba seli hugawanyika ni Robert Remak, Virchow akaja na sentensi ikapata umaarufu. Remak alikuwa Myahudi, uprofesa kamili Berlin alinyimwa. Kwenye notisi zetu naye hayumo.

Mwl wa Kata

Nimesoma yote mara mbili. Nimefuta ule mstari wangu, kipindi kijacho naanza na punje na wembe, halafu Redi na kawa. Mja wa Mola, wazazi wakiuliza nitawatajia wale mapadri wawili. Fundi, hiyo mashine ya CD naipata wapi huku kijijini?

Fundi Simu

Nenda kwa fundi redio yeyote sokoni, angalia chini ya meza yake. Usimwambie ni ya shule, atapandisha bei akidhani serikali inalipa.