Rejesho la mkopo wa nyumba limenishinda, nifanyeje?

Wakuu, naendesha watalii, naishi Moshono, Arusha. Rejesho ni laki sita na nusu kwa mwezi. Tangu Machi gari limelala uani, kuku wanatagia siti ya nyuma. Nadaiwa miezi miwili. Benki wanakubali kurefusha muda?

Jibu: Usisubiri wakupigie. Peleka barua ya kuomba mkopo upangwe upya, yaani muda urefushwe, ambatanisha taarifa ya akaunti. Rejesho litashuka, ila jumla ya riba itapanda, hapo usidanganyike.

Jibu: Notisi ya siku 60, ile ya benki ya kukutaka ulipe deni, ikija, usimfiche mkeo kama nilivyofanya mimi. Aibu yake ninayo mpaka leo.

Muulizaji: Notisi bado. Mke anajua, ndiye aliyeyaona mayai. Kesho naenda tawini.