Fratenati (chama cha wanafunzi wa kiume) chuo hawaitambui, halafu wananiadhibu kwa kuwa mwanachama wake?!

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Nasoma Marekani, chuo cha serikali ya jimbo, mwaka wa tatu. Juzi naitwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, nafika nakuta mama mmoja kaprinti picha yangu, nimekaa sebuleni na wenzangu nimevaa tisheti ya fratenati, mezani sufuria la wali, ananiuliza huyu ni wewe? Nikasema ndiyo. Basi hiyo ndo kesi yenyewe!

Hiyo fratenati chuo kiliacha kuitambua kabla sijafika. Sawa. Hatupewi ukumbi, hatubandiki tangazo, hatuli senti ya chuo, tunakutana kwenye nyumba ya kupanga mtaani na kodi tunachanga wenyewe. Hawa jamaa ndo walinipokea sijui hata koti la baridi linauzwa wapi. Kutesa manjuka hakuna, kungekuwepo ningeenda polisi mwenyewe, na wala hakuna aliyeniuliza nimemfanyia nani nini. Kosa langu ni uanachama, basi.

Sasa mbona hawa watu hawasomi sheria za kwao? Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Healy v. James. Central Connecticut State College ilikataa kutambua tawi la SDS, kikundi cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, wanafunzi wakaenda kukaa mgahawani tu hapo hapo chuoni, wakafuatwa na kikaratasi cha mkuu wa chuo kwamba watawanyike. Mahakama ikasema chuo cha serikali kinabanwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale yanayolinda uhuru wa kusema na kukusanyika, huwezi kunyima watu kutambuliwa kisa hupendi msimamo wao, na mwenye kazi ya kuleta sababu ni chuo. Mtaniambia kuna kesi ya 1915, Mississippi, mahakama hiyo hiyo iliruhusu jimbo kupiga marufuku fratenati. Naijua, ila enzi hizo Marekebisho ya Kwanza yalikuwa bado hayajaanza kuzibana serikali za majimbo.

Hata Harvard, chuo binafsi ambacho Katiba haikibani, kilitangaza 2016 kwamba mwanachama wa klabu za jinsia moja zisizotambuliwa asiwe kapteni wa timu wala asipate barua ya kuombea ufadhili wa masomo wa Rhodes. Wakashtakiwa 2018 kwa ubaguzi wa kijinsia, 2020 wakaifuta sera yote. Harvard imerudi nyuma, chuo cha serikali ndo kinakaza shingo?

Mwenzangu mzawa akisimamishwa muhula mmoja anaenda kukaa kwao, mimi nikisimamishwa viza ya masomo inakufa, napanda ndege na ada ya mama imeshaliwa, yaani miaka mitatu mama anauza vitenge nirudishwe kwa sababu ya tisheti!!

Wananitaka niandike majina ya wenzangu wote, eti adhabu itapungua. SIANDIKI. Aliyewahi kupitia kikao cha nidhamu huku, au anayejua wakili anayesaidia wanafunzi wa kigeni bure, naomba anicheki inbox, kikao Alhamisi.