Mrejesho: homa za mama na shingo iliyokaza

Habari ndugu zangu. Niliuliza hapa kuhusu mama: homa za jioni zisizoisha, malaria na taifodi hazionekani, shingo imekaza. Asante hasa kwa aliyesema tuipige picha shingo yenyewe. Eksirei haikuonyesha kitu. MRI (picha ya sumaku inayoonyesha ndani zaidi) hapa Nakuru ndiyo iliyoonyesha pingili mbili, yaani mifupa midogo ya shingo, zimeliwa, na usaha kando. Usaha ukapimwa: TB ya mifupa. Na hakuwahi kukohoa! Dawa ni za bure kliniki ya TB, mwaka mzima. Homa imekwisha, anakula ugali vizuri. Ganzi ya vidole bado ipo, na kola ya shingo anaichukia. Ule ushauri wa kuchua shingo ambao wengine walinipa hapa, daktari aliukataa kabisa: pingili dhaifu zinaweza kuteleza zikabana neva.